Uzinduzi wa Maonyesho ya Marehemu Fundi Mawimbi

Mheshimiwa Naibu Msaidizi wa Kaimu Mwenyekiti, waheshimiwa mlioketi kwenye viti vyenye mito, ndugu mliosimama juani kwa hiari yenu, na wewe bibi, mjane wa marehemu Fundi Mawimbi, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo tunazindua maonyesho ya mtu wa kwanza kutangaza redioni katika mji huu, aliyeunda mtambo kwa waya wa kengele na kopo la biskuti, akasema, "Hamjambo huko mliko," majirani wakatoka mbio. (Kicheko.) Ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, kwa busara ambayo wenyewe mnaijua, imekamilisha upembuzi yakinifu, mchakato shirikishi na semina elekezi kumi na nne, na asilimia mia moja na tatu ya wadau wameridhika. (Sauti: "Mia na tatu?") Wengine waliridhika mara mbili, mzee, tulia.

Bibi alitukabidhi kanda pekee yenye sauti ya marehemu. Amekuja na wajukuu ambao hawajapata kumsikia babu yao, na tangu asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, mtaiweka saa ngapi?" Bibi, subira huvuta heri. Wataalamu wangu waliikagua kanda hiyo wakabaini kuwa marehemu alikuwa akinyamaza mno kati ya maneno, jambo lisiloendana na kasi ya maendeleo. Hivyo, ili kuiongezea thamani, tukarekodi humo hotuba yangu hii, mazoezi yote sita. (Minong'ono.) Nani kasema kafutwa? Hakufutwa! Yupo mwishoni kabisa, anakohoa.

(Mjane anasimama: "Basi niwekee hicho kikohozi, mwanangu. Wamsikie.")

Umenena, mama! Mashine ya kupigia kanda itanunuliwa mara tu makumbusho yatakapojengwa, makumbusho yatajengwa mara tu kiwanja kitakapopatikana, na kamati ya kutafuta kiwanja itateuliwa mara tu nitakaporudi safarini, ninakokwenda kujifunza namna ya kuteua kamati. (Makofi kutoka viti vyenye mito.) Mawimbi, juu! Sauti ya marehemu, idumu!

Mwisho, namshukuru mwenye duka la magodoro kwa kutuazima hili pazia la uzinduzi, pamoja na ukuta wake. Bibi, usilivute. Bibi, jamani! (Mjane analivuta.)

Naam, ni ukuta. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tusimame sote, tumuenzi mtangazaji wetu kwa dakika moja ya kimya.