Nafasi Moja ya Kompyuta

Tikiti ya Shaban Likumbo iliishia Igalula, lakini mkaguzi wa treni alikuwa amesinzia, na Shaban hakuwa mtu wa kumwamsha mfanyakazi wa umma. Ndivyo alivyofika Tabora, bila mpango, bila mwenyeji, na bila kifungua kinywa.

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Nchi ilikuwa inajenga Ujamaa, na Shaban alikuwa anajitegemea. Mali yake yote ilikuwa kwenye mkoba mweusi wa ngozi: shati la akiba, pamoja na bunda la kadi ngumu zenye matundu madogo. Kadi hizo alizipata Dar es Salaam katika ofisi moja yenye kompyuta. Alifanya kazi karibu kabisa na mashine hiyo, tena kila siku, kwa maana alikuwa anafagia chini yake, mpaka feni ya ofisi ilipopotea na wakubwa wakamwomba asirudi tena.

Aliingia hoteli moja jirani na stesheni, akaagiza chai ambayo hakujua atailipaje. Meza ya pili walikaa Darwesh Humaidi, mwuza vitambaa, na Abbasi, fundi seremala wa Gongoni, wakibishana kwa sauti.

"Redio imesema yenyewe," Darwesh alisema. "Kompyuta moja inafanya kazi ya makarani wa jengo zima. Mtoto atakayesoma kitu hicho ameukata."

"Haya, akasome. Lakini akasome ipi? Nasikia digrii zake ziko namna kwa namna."

"Namna ngapi?"

Abbasi hakujua. Mwenye hoteli, ambaye kwa kawaida alijua kila kitu, naye hakujua. Shaban aliweka kikombe chini taratibu.

"Ziko namna tatu," alisema. "Samahani kwa kuwaingilia, wazee wangu. Shikamooni."

Kabla chai haijapoa alikuwa Dokta Shaban, mjumbe wa chuo kikuu cha ng'ambo, nchi rafiki isiyotajwa jina kwa sababu za usalama. Abbasi alitaka kujua jambo moja tu.

"Kabila gani, Dokta?"

Hapa Shaban alifanya hesabu ya haraka. Kwa kweli yeye alikuwa Mmwera wa Lindi. Lakini alikwisha kusikia kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo pamoja kwenda pwani na kuzikana njiani, na kwamba mtani hula bure.

"Mzaramo," alisema.

Abbasi, aliyekuwa Mnyamwezi, aliruka juu kwa furaha, akamtukana vizuri, akamlipia chai na chapati. Tangu siku hiyo Shaban hakununua chakula Tabora. Alichukua jogoo hapa, papai pale, na kwa mjane mmoja mwuza asali, Mwanahawa binti Mabruki, alinyanyua kibuyu kizima mbele ya macho yake, akaondoka nacho akicheka. Mwanahawa naye alicheka. Mtani akichukua, hukasiriki. Sehemu hiyo ya desturi Shaban aliielewa upesi mno, wala hakuuliza kama kuna sehemu nyingine.

Kazi ikaanza. Kila mzazi aliambiwa faraghani kwamba mkoa mzima umepata nafasi moja tu, na akilitamka hilo nje, nafasi inahamia Dodoma. Ada haikuwa fedha. Dokta alisikitika sana mtu akitaja fedha, kwani shilingi yetu, pamoja na heshima zake zote, haivuki mpaka. Maprofesa wa ng'ambo wanapokea dhahabu, tena si kwa tamaa, ni kwa utaratibu.

Alianzia karakana ya Abbasi. Alichomoa kadi moja, akaiinua kwenye mwanga, akachungulia matundu yake kwa muda mrefu, kama mganga anavyochungulia kibuyu.

"Kijana wako ni wa Uhandisi wa Kompyuta. Huyo ndiye anayeiunda mashine yenyewe."

"Ataiunda kwa nini? Kwa mninga?"

"Kwa mninga! Wenzetu wanatumia bati kwa sababu mninga hawana."

Abbasi alitazama mbao zake, akaona kiwanda. Alichimbua pauni ya dhahabu ya babu yake aliyoificha sakafuni, akaitoa bila kuuliza swali lingine.

Kwa Bwana Ngollo, katibu wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, kadi ile ile ilisema mambo mengine kabisa. Ngollo alikuwa na mpwa aliyefeli mitihani kwa uaminifu mkubwa.

"Huyu ni wa Mifumo ya Habari," Dokta alisema. "Hii ni ya maofisi. Mashine inatunza hesabu zote za tumbaku."

"Na hesabu zikikosewa, anawajibika nani?"

"Mashine."

Bwana Ngollo aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alivua saa yake ya dhahabu, ambayo kiongozi wa wakulima hakupaswa kuwa nayo tangu mwanzo, akaisukuma mezani pole pole.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Darwesh. Mwaka uliopita serikali ilikuwa imetaifisha majumba mjini, na tangu hapo Darwesh alilala akisikiliza hatua za watu barabarani. Kwa hiyo Dokta hakupata shida.

"Binti yako Tufaha ni wa Sayansi ya Kompyuta. Hiyo ndiyo inayoifundisha mashine kufikiri na kubashiri."

"Inaweza kubashiri nyumba ipi itachukuliwa?"

"Itajua kabla ya serikali."

Tufaha alikuwa amekaa pembeni na mtandio wake, amemaliza kidato cha sita, na katika watu wote wa hadithi hii ndiye peke yake aliyetaka kusoma kweli. Alitaka mpaka alikosa usingizi. Ndiyo maana aliuliza.

"Samahani, Dokta. Anayesoma Sayansi ya Kompyuta, mwaka wa kwanza anasoma hisabati gani?"

"Hisabati za kompyuta."

"Na wa Uhandisi?"

"Hizo hizo, ila kwa spana."

Darwesh alitabasamu kwa fahari, kisha akaingia ndani, akatoka na bangili za dhahabu za marehemu mama yake Tufaha. Mama huyo, Fakhria, alipokuwa anakata roho alimvisha binti yake bangili zile kwa mkono wake, akasema ni zake za kuanzia maisha. Darwesh alizihifadhi tu. Sasa alizitia kwenye mkoba mweusi mbele ya binti mwenyewe.

"Baba, huyu mtu hajui kitu," Tufaha alisema mgeni alipotoka.

"Msichana wa kidato cha sita anamsahihisha Dokta! Aliyekusomesha ni nani, mimi au wewe?"

Tufaha alikwenda kwa jirani yao Mwanahawa, aliyemlea tangu mama yake afariki, akalia mpaka mtandio ukalowa. Hakulilia chuo. Alililia zile bangili, kwa sababu hakuwa na kitu kingine chochote cha mama yake.

Mwanahawa alimsikiliza huku akichuja asali.

"Yule si ndiye aliyebeba kibuyu changu?"

"Ndiye, bibi."

"Na anasema yeye Mzaramo?"

"Anamwambia kila mtu."

"Basi futa machozi, mjukuu wangu. Anaondoka lini?"

Aliondoka kesho yake, kwa treni ya mchana. Wazee watatu walimsindikiza mpaka stesheni, kila mmoja akiwaonea huruma wenzake wawili kwa nafasi waliyoikosa. Shaban alikuwa na mkoba mkono mmoja na kibuyu cha asali mkono wa pili. Alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi ya behewa alipotokea Mwanahawa na wanawake wenziwe wa Gongoni, nyuso zimepakwa majivu, kanga zimegeuzwa ndani nje, wanaomboleza kwa sauti ya kupasua masikio.

"Mzaramo amekufa jamani! Mtani wetu anarudishwa kwao kuzikwa!"

Mwanahawa alijitupa chini mbele ya ngazi, akaukumbatia mkoba.

"Niko hai, mama!" Shaban alisema.

"Maiti za Kizaramo ni hodari wa kusema. Leta mkoba. Maiti habebi mkoba."

Stesheni nzima iliangua kicheko. Wachukuzi waliacha mizigo, abiria walichomoza madirishani. Kila mtu pale alijua kwamba siku ya msiba mtani huchukua kitu cha marehemu, na akitaka kirudi lazima kikombolewe. Kila mtu, yaani, isipokuwa Mzaramo mwenyewe, aliyeanza kuuvuta mkoba kwa nguvu na kutoa macho.

"Mtani hakasiriki!" wachukuzi walipiga kelele. "Komboa! Fungua mkoba, mpe kitu!"

Shaban hakuweza kuufungua. Ndani mlikuwa na nafasi moja, imeuzwa mara tatu, na wanunuzi wote walikuwa wamesimama pale.

"Usifunguliwe!" Abbasi, Ngollo na Darwesh walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Bi Mwanahawa," Darwesh alisema, jasho linamtoka, "mwachie mgeni wetu mkoba wake."

"Kwani una kitu chako humu, Bwana Darwesh?"

"Mimi? Sina!"

"Na wewe, ndugu katibu?"

Bwana Ngollo alivuta mkono wa shati kufunika kifundo cha mkono kisicho na saa, akatikisa kichwa. Abbasi alitazama reli.

"Basi ni mali ya marehemu," Mwanahawa alisema, akasimama nayo.

Filimbi ikalia. Ndipo Shaban, kwa mara ya kwanza tangu afike Tabora, alipoamua kusema kweli.

"Mimi si Mzaramo! Wallahi tena, mimi si Mzaramo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzaramo gani angesema tofauti akibanwa na mtani? Askari wa reli aliyekuwa anafuta machozi ya kicheko alisogea karibu.

"Kama si Mzaramo, wewe ni nani?"

Swali hilo Shaban hakulipenda hata kidogo. Alirukia behewa, treni ikaondoka naye, na alichofaidi katika kazi yote ile ni kibuyu cha asali. Nzuri, lakini inachafua nguo.

Alasiri hiyo Mwanahawa aliumwaga mkoba kwenye mkeka barazani kwake, majirani wote wakiona.

"Mtu aliyekana hana chake," alisema. "Lakini mimi si mwizi. Mwenye kitu aseme ni kipi, na alikuwa ananunua nini."

Wazee watatu walisimama hapo wakikodolea dhahabu macho. Tufaha alipita katikati yao.

"Bangili ni za mama yangu. Baba yangu alizitoa kununua shahada ya kompyuta, ili ajue nyumba yetu itachukuliwa lini."

Watu waligeuka kumtazama Darwesh. Aliinamisha kichwa, alikuwa anaona aibu, na safari hii alistahili. Mwanahawa alimvisha Tufaha bangili moja baada ya nyingine.

Abbasi alivumilia siku kadhaa, kisha akaja kukiri habari za kompyuta ya mninga, akachekwa vya kutosha, akapewa pauni yake. Bwana Ngollo hakusema kitu. Mpaka leo akitaka kujua saa ngapi humuuliza Mwanahawa.

Jioni ile, njiani kurudi nyumbani, Darwesh alinyoosha kiganja.

"Nipe nikuhifadhie, mwanangu."

"Hapana, baba. Nitazivaa."

Alizivaa mpaka alipopata barua ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Hapo aliuza mbili kwa sonara, akakata tikiti mwenyewe. Darwesh alimsindikiza stesheni, akamuuliza kwa upole, kwa sababu alikuwa amejifunza upole, amechagua somo lipi kati ya yale matatu.

"Nimechagua hisabati, baba," Tufaha alisema. "Kompyuta nitaichagua siku nitakapoiona."