Mzuka wa Nyongeza

Gadiel alimchovya mzuka wa nne wa karatasi katika beseni la chai nyekundu ya rooibos, akahesabu hadi hamsini, akamtoa kwa ncha za vidole. Karatasi iliyochapwa asubuhi ile ikawa imezeeka miaka mia mbili. Akaianika juu ya bafu, ubavuni mwa picha ya shujaa wa panga mbili iliyokuwa ikidondosha chai.

Mama wa mizuka hiyo alikuwa ukutani: mchoro mkongwe wa Kijapani, mwanamke asiye na miguu, nywele timtim, macho ya mtu aliyedhulumiwa. Gadiel aliupata ndani ya kasha la fremu zilizotupwa. Wadudu walikuwa wameutoboa, basi akaamua kwamba mali iko kwenye nakala, si kwenye mchoro wenyewe. Hakumuuliza mjuzi, wajuzi nao huuliza maswali. Akiuza nakala mbili zaidi, nauli ingetimia. Kwao Moshi alikuwa ameapa kurudi kwa ndege, na harusi ya dada yake ilikuwa mwisho wa mwezi.

Saa nne Goreth, Mrundi mwenye duka la mitumba mtaa wa Overport, akapanda ngazi za ghorofa ile ya South Beach akihema. Wezi walikuwa wamemchosha. Gadiel akamweleza, kwa upole wa shemasi, kwamba mzuka huyu hulipiza kisasi; mtundike dukani, mwizi atatetemeka mikono.

“Na matapeli?”

“Hao ndio chakula chake, mama.”

Goreth akainusa nakala iliyokwisha kukauka, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Muuza mitumba asiyebishania bei angemshtua mtu yeyote mwangalifu. Gadiel alikuwa anafunga mfuko.

“Sasa nyongeza,” Goreth akasema. “Sokoni hata nyanya iko na nyongeza.”

Akapewa shujaa, akamkataa: atalowesha mkoba. Akaonyesha ukutani. “Nipe kile kibovu, nitazibia dirisha.”

Gadiel akakibandua mwenyewe, akamfungia kwa gazeti.

Adhuhuri simu ikaita.

“Bwana Gadiel, karatasi yako nimeiacha kwa mlinzi hapo chini.”

“Kuna nini tena, mama?”

“Miaka sita nilimpangusia vumbi mzee mmoja wa mtaa wa Berea anayekusanya michoro hii. Ya kweli hainuki chai. Leo kwa kile kibovu amenipa gari lake dogo, na mafuta ndani.” Akacheka polepole. “Mimi nilinunua nyongeza, mwanangu. Ile ingine ndiyo ilikuwa nyongeza. Na wenzangu wa Overport nimewaambia, wanuse kwanza. Haya, sharp, kwaheri.”

Gadiel akarudi bafuni. Wino wa shujaa ulikuwa umechuruzika hadi panga zikawa fimbo. Mzuka wa nne alimtazama, bado mbichi. Akamgeuza uso ukutani, akafunika beseni kwa sahani. Chai hiyo angeimwaga kesho, au angeinywa.