Chatu Wawili Ndani ya Sanduku la Bati

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimekabidhiwa chatu! Watoto wawili. Mzee Salu, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma ya nyoka, kasema niwalee wazoee mikono. Atakayelea vizuri atacheza mbele kwenye mashindano ya Nkololo. Mwingine aliyepewa wawili ni Josia. Josia! Mtu anayecheza kama anakanyaga siafu! Wangu nimewaweka kwenye sanduku la bati nililoenda nalo sekondari, dirishani, jua linapiga. Nyumba ya heshima. Josia eti kawaweka kwenye beseni lenye mfuniko wa matundu na bakuli la maji. Anafuga vifaranga?

Alhamisi, 13 Juni
Bariadi yote vumbi na upepo mkavu. Macho ya chatu yamepauka kama maziwa. Mke wangu Minza kasema wanataka kujivua ngozi, niwape unyevu: chungu kilicholazwa, ndani kitambaa kibichi, wajifiche humo. Nikamuuliza amekuwa daktari wa nyoka tangu lini. Kasema kwao Mkula baba yake alifuga. Mkula iko upande wa ziwani! Haihusiki.

Jumamosi, 15 Juni
Aibu. Ngozi imetoka vipande vipande kama plasta ya ukuta mbovu. Vingine vimeganda machoni. Na nani kapita asubuhi hiyo hiyo? Josia. Salamu za mwangaluka nyingi, meno nje. Shingoni kavaa ngozi ya chatu wake, nzima, kutoka puani hadi mkiani, kama tai ya harusi.
"Kaka Mabula, wako mbona wamevaa viraka?"
Nikalifunga sanduku kwa kishindo. Wanataka maji? Watapata maji!

Jumatatu, 17 Juni
Nimetandika taulo, nikamwagia ndoo nzima. Juu nailoni, nikaikaza kwa mpira wa baiskeli. Ndani sasa ni masika. Minza kasema unyevu bila hewa ni ugonjwa. Hewa iingie, unyevu utoke? Akili gani hiyo!

Alhamisi, 20 Juni
Sanduku limeshika kutu. Taulo, ambalo kumbe ni zawadi ya harusi yetu, limeota ukungu. Chatu mmoja ana malengelenge tumboni. Mwingine akipumua anapiga mluzi. Mzee Salu alipokuja nilimwambia huyo ana kipaji cha kuimba. Hakucheka. Nikasema basi Josia kawaroga. Mzee akatia mkono sandukuni, akautoa unateleza, akaniwekea chini ya pua.
"Ng'wanawane, mwanangu, na hii harufu kailoga Josia?"
Kanipokonya! Na kampa nani? Minza! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Yule wa mluzi alijizungusha kidoleni kwangu, hakutaka kuachia. Tulimbandua taratibu. Machozi yalinitoka. Vumbi.

Jumanne, 25 Juni
Minza kawawekea chungu. Kitambaa kibichi upande mmoja tu, upande wa pili pakavu. Matundu. Mluzi umekwisha. Nilipogusa mfuniko Minza kanipiga mkono kwa mwiko. Majirani wanapita kumpongeza. Mimi wananiuliza hali ya sanduku.

Jumapili, 30 Juni
Mashindano. Nilijiandaa kumzomea Josia. Lakini aliyetoka mbele ni Minza! Chatu mmoja kila bega, wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Uwanja mzima ulisimama. Nami nilisimama, ili nione vizuri tu. Josia na mimi tulibeba ndoo za maji ya wachezaji. Hata kubeba ndoo hajui.

Jumatano, 3 Julai
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa chatu. Viumbe wa kudeka. Kenge ndiye mnyama wa mwanamume: ngozi ngumu, hana makuu, na hakuna kikundi chenye kenge anayecheza. Mtu wa Ipililo kaahidi kuniletea mmoja kesho. Nimemwandalia pipa lililokuwa la dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Nimelisuuza, karibu lote. Minza amesimama mlangoni ananitazama, hasemi neno. Hatimaye kakubali kwamba hii kazi naijua.