Matanga ya Kavira wa Japani

Leo nimemfanyia matanga mtu aliye hai. Mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, kwa ufasaha mkubwa. Nawaandikia kutoka kwenye kompyuta ya kukodi hapa Beni, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Sababu ya kofia mtaijua.

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha Jumamosi huko Butembo, mnajua nilikuja huku kwa jambo moja tu: riwaya yangu. Sura ishirini na moja, daftari saba, miaka miwili ya kuandika wakati mji ukibadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati. Mashine pekee ya roneo ninayoijua ambayo bado inafanya kazi ni ya Hadji Musa, msafirishaji, mwenye ghala nyuma ya soko. Unazungusha mkono, karatasi inatoka na maneno yako. Hadji ana wino, ana karatasi, na ana sharti moja. Hachapi uongo.

"Nilichapiaka mutu mumoja tangazo ya dawa ya kuotesha nywele," aliniambia. "Mupaka leo bipara binanifuata ku musikiti."

Kwa hiyo alitaka kunipima kwanza. Nisimame uani kwake, niwaeleze watu kitu ambacho wote wanakifahamu, naye asikilize kama maneno yangu yana ukweli ndani. Kitu chenyewe alikichagua yeye: diski za Masika na Kavira.

Kwa wale ambao hawajapanda minibasi ya Hadji, nieleze. Ile gari ilinunuliwa kuukuu Japani, ikapita Dubai, ikapita Mombasa, ikaingilia mpaka wa Kasindi, usukani kulia, na ubavuni maandishi ambayo hakuna ajuaye kama ni ya shule au ya duka la nyama. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na boksi. Ndani yake diski tisa za wasichana wawili waimbaji, ndogo kama visosi, kila moja katika bahasha ndefu nyembamba yenye picha yao. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amezipa namba kwa kalamu, moja mpaka tisa, jinsi zilivyotoka. Abiria hawakuweza kusoma majina ya wale wasichana, wakawapa majina kama tunavyowapa binti zetu, kwa kufuata kuzaliwa. Mrefu ni Masika, wa kwanza. Mfupi ni Kavira, wa pili.

Mwaka mzima minibasi imekwenda na kurudi kati ya Beni na Butembo ikiwaimbisha. Siku hizi wamama wa soko wanachambua maharage kwa Kijapani. Askari wa kizuizi cha njiani hawashushi kamba mpaka kiitikio kiishe. Watoto wamezaliwa wakaitwa Masika kwa sababu hiyo tu, ingawa si wa kwanza, na babu zao bado wamenuna.

Basi leo saa nne nilisimama uani kwa Hadji. Watu walijaa mpaka kwenye matofali ya ukuta. Bahasha tisa nilizipanga juu ya meza, na kando yake redio ya kupigia diski. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. (Mtu anayekwenda kuumbuka huvaa vizuri, sijui nani anamwambia.)

Nilianza. Diski ya kwanza: wameshikana mikono, wanacheka. "Ni asubuhi ya urafiki," nikasema. Ya tatu: mwavuli mmoja, vichwa viwili. Ya sita: Kavira hatazami tena kamera, anatazama chini. Ya saba: amevaa gauni pana kama turubai. "Angalieni nguo inavyomkimbia mwili," nikasema. "Huo ni ugonjwa." Ya nane: uso mtupu, hakuna kingine, na uso umejaa. "Hayo ni machozi yaliyokosa njia ya kutoka."

Nyuma kabisa Mama Kahindo akanyoosha mkono. Mama Kahindo anauza maharage, na ndiye kiongozi wa kila matanga mtaani hapa, lakini macho yake hayafiki mbali.

"Mwanangu, leta hizo picha nione."

"Subiri kidogo, mama," nikamjibu. "Niko katikati ya wazo."

(Niko katikati ya wazo. Niliyasema hayo kwa mwanamke aliyezaa watoto tisa.)

Nikainua diski ya tisa. Masika yuko peke yake. Nguo nyeusi, ua jeupe mkononi, na mbele yake mshumaa unawaka. Nikaiweka kwenye redio. Sauti moja tu ikatoka, ya polepole, kama maji yanayotafuta bonde. Nikaiacha mpaka ikaisha. Hata kuku wa Hadji waliacha kudonoa.

"Unataka kusema nini?" Hadji akauliza. "Sema wazi."

"Kavira ametutoka, Papa Hadji."

"Uko na hakika?"

Hapo, ndugu zangu, ningeweza kusema "nadhani". Ni neno dogo, halivunji jino. Lakini nilitazama mlango wa ghala. Ulikuwa wazi kidogo, na ndani niliiona mashine imefunikwa kitambaa cha maua, inanisubiri kama bibi harusi.

"Hakika," nikasema.

Mama Kahindo akapiga ukelele. Sijui kama mmewahi kuusikia ukelele wake. Ndege waliondoka kwenye bati la msikiti. Kufumba na kufumbua, wamama wote wakaitikia, na matanga yakaanza. Hakuna aliyeuliza kama inafaa. Kwetu habari ya kifo haipiti barabarani kama mpita njia. Inakaribishwa, inawekewa mkeka. Mikeka ikaja. Turubai la lori likafungwa kwenye miti miwili. Mafiga matatu, sufuria ya maharage, kuni kutoka kwa jirani.

Halafu maswali yakaanza.

"Marehemu alikuwa dini gani?" akauliza mpwa wa Hadji. "Tusome dua ao nini?"

"Rozari," wakasema Wakatoliki.

"Ba Japon banaombeaka wapi?"

Wote wakanigeukia. Nilisema: "Milimani." (Sijui kwa nini.) Wakakubaliana kila upande usome ya kwake kwa zamu, na Mungu atachagua.

Swali la pili lilikuwa baya zaidi.

"Matanga bila familia, nani atapokea pole?" akasema Mama Kahindo. "Huyu njo mwenye alileta habari. Donc familia ni yeye. Mukalishe."

Wakanikalisha kwenye mkeka wa wafiwa. Watu wakapanga mstari kunishika mkono. Askari mmoja wa kizuizi alifika na bunduki yake mgongoni, akavua kofia, akaniambia, "Pole, ndeko, ndugu yangu. Ile kiitikio yake ilikuwa inanisaidia." Nikamjibu asante.

Na sasa niseme jambo ambalo si la kuchekesha sana. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Eringeti. Alilia kimya, muda mrefu, kanga mdomoni. Kisha akaniambia polepole: "Wangu benye balikufa sikubalilia. Tulikuwa tunakimbia." Nilitazama mikono yangu. Nilijua kuwa machozi yale nilikuwa nimeyaita kwa kitu ambacho sikukihakikisha. Ningeweza kusimama pale pale. Sikusimama. Nilimpa leso yangu.

Ndipo Mama Kahindo akatoa wembe.

"Familia inanyolewaka," akasema.

"Mama, si mpaka siku za matanga ziishe?"

"Maiti iko mbali. Tutafanya yote leo."

Akaninyoa yeye mwenyewe, kwa maji baridi na kipande cha sabuni ya kufulia, akiongoza wimbo huku akininyoa, na kila wimbo ulipopanda nilihisi wembe nao unapanda. Alianzia upande wa kulia. Alikuwa amefika katikati ya utosi, upande mmoja kipara kinang'aa, upande mwingine nywele zangu za mwandishi, zile ndefu mnazozijua, wakati minibasi ilipoingia uani ikipiga honi.

Dereva ni Kambale, safari hii alikuwa anatoka Kasindi. Vioo viko chini, redio iko juu. Na ndani ya redio, sauti mbili zinaimba.

"Zima hiyo!" mpwa wa Hadji akamfokea. "Huoni matanga?"

"Ya nani?"

"Ya Kavira."

"Kavira gani?"

"Wa Japon."

Kambale akatazama redio yake, akatutazama sisi. "Mais, mbona anaimba humu ndani."

"Hiyo ni ya zamani," nikasema kutoka kwenye mkeka, povu likinitiririka shingoni. "Sauti ya marehemu hubaki."

"Hapana, hii ni mupya. Nilipata ku gari ingine yenye inatoka kushuka Kasindi. Tena ni kubwa, iko na kitabu."

Akashuka na diski ya kumi. Hii ilikuwa ya ukubwa wa kawaida, na ndani ya kasha lake kijitabu cha picha. Hadji akakifungua. Ukurasa wa kwanza, zimepangwa picha ndogo ndogo za diski zote tisa zilizotangulia, ile ya mshumaa ikiwa ya mwisho. Akageuza. Ukurasa wa pili, Masika na Kavira, bega kwa bega, wanacheka mpaka ufizi unaonekana. Na mikononi mwa Kavira mtoto mchanga, mnene kama andazi.

Shingo zote zikarefukia kijitabu. Sufuria peke yake iliendelea kuchemka.

"Sasa naomba hizo picha," akasema Mama Kahindo.

Hakuna aliyemwambia asubiri. Akajifuta povu kwenye kitenge, akazishika bahasha moja moja karibu na pua. Alipofika ya saba akachekea puani.

"Huyu iko na mimba. Hii gauni mi mwenyewe nilivalaka yake."

"Na ya nane?" Hadji akauliza.

"Bamepiga uso tu, sababu tumbo haingeingia ku photo. Mashavu yote imejaa. Ni mwezi wa munane hii."

"Na ya tisa?"

"Alienda kuzala. Mwenzake akaimba peke yake. Kazi ni kazi, lazima mwenzako akufanyie."

"Lakini mama," nikasema, nusu ya kichwa changu ikipigwa na jua, "na mshumaa?"

"Buji?" Akaitazama picha. "Courant ilikatika."

"Umeme unakatika hata Japani?"

"Weye, courant inakatikaka kila fasi."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama wa Eringeti. Alianza kama mtu anayekohoa, kisha akashindwa, akaegemea bega langu, akacheka mpaka akaniomba tena leso. Baada yake kila mtu. Askari alikaa chini. Wamama hawakuvunja hata mstari wa wimbo: wakabadilisha tu maneno, wimbo wa kufiwa ukawa wa kupokea mtoto, na maharage yaliyopikwa kwa ajili ya kifo yakaliwa kwa ajili ya uzazi. Yalikuwa yameiva vizuri.

"Nimalizie?" Mama Kahindo akaniuliza, wembe mkononi.

"Malizia, mama."

Hadji hakucheka. Alingoja ninawe, ninyooke, kisha akaniita mlangoni kwa ghala.

"Mwandishi. Mutu hajue kuona mimba, ataandika nini juu ya batu?"

Nilisimama tu na daftari zangu saba kifuani. Nadhani alinihurumia, maana alikuna ndevu, akasema: "Some mbele ya Mama Kahindo. Akisema ni kweli, nachapa leo. Akisema hapana, rudi Butembo."

Nikakaa kwenye kiti cha chini karibu na sufuria. Nikasoma sura ya kwanza. Mnaijua, mliisifu wenyewe. Furaha, shujaa wangu wa kike, anakaa dirishani kila alfajiri. Harufu ya mafuta ya taa inamgeuza roho. Sombe ya majani ya muhogo aliyoipenda tangu utotoni haimpiti kooni. Anatamani udongo wa ukutani baada ya mvua, anaulamba kwa siri, analia bila sababu. Ni kurasa zangu bora. Zinaeleza jinsi vita inavyoingia ndani ya mwili wa mtu. Nilisoma kwa sauti ya chini, na nilipoinua macho Mama Kahindo alikuwa ametulia kabisa, mwiko mkononi.

"Miezi ngapi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Mimba ya huyu binti."

"Mama, hana mimba. Ni vita."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Kisha akamgeukia Hadji. "Miezi mitatu. Habari ni ya kweli, mais mwandishi mwenyewe haijue."

"Baba ya mutoto ni nani?" Hadji akaniuliza, naye sasa ameinama, ameanza kupendezwa.

Nikafungua daftari la kwanza, la pili, la tatu. Nikatafuta kwa bidii mpaka jasho likanitoka kichwani, na halikuwa na nywele za kulizuia. Katika sura zote ishirini na moja kuna mwanamume mmoja tu anayeingia nyumbani kwa Furaha. Yuko sura ya pili. Anakuja kuazima jembe.

"Anatuficha," akasema Hadji.

"Sifichi, Papa Hadji. Sijui."

Akafunga ghala, akatia ufunguo mfukoni. "Basi rudia siku utajua."

Msicheke, ndugu zangu. Nina sura ishirini na moja za kuandika upya, na kabla sijagusa kalamu lazima nimkalishe chini yule mwazima jembe anieleze.