Binti Yangu Apewe Nafasi

Jumatatu, 6 Julai
Wiki ya pili shule zimefungwa. Kifungua mimba wangu, miaka kumi na tano, hatoki chumbani. Chakula anadonoa tu. Nikimuuliza ana nini, hana kitu. Wifi yangu kaja kuchukua sketi yake, kasema huyo anadeka, wa kwake yuko kwaya, yuko mpira, hana muda wa kununa. Nilikuwa na pini mdomoni. Bahati yake!

Jumanne, 7 Julai
Nimeacha cherehani, nimekwenda zahanati. Nesi kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema huzuni ya kijana si ya kupuuzwa, nimlete Ijumaa aonane na mshauri, akikubali mwenyewe. Kwa sasa nimpe nafasi.
Kumbe! Chumba chenyewe kile! Kabati, meza, majora ya vitambaa, na lile sanamu langu la kupimia nguo, halina kichwa. Hata mimi ningenuna.

Jumatano, 8 Julai
Nimempa nafasi. Kabati nje. Meza nje. Sanamu nje. Seremala wa jirani kanisaidia kubeba, kauliza kama tunahama. Binti kasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeibiwa. Kauliza nguo zake ziko wapi. Nikasema jikoni, kwenye ndoo safi. Kafunga mlango taratibu.
Lakini nafasi ipo! Unaweza kuendesha baiskeli mle.

Alhamisi, 9 Julai
Wifi kakuta kabati sebuleni. Kauliza kama kaka yake kanifukuza. Nikasema tunapaka rangi. Mungu anisamehe.
Mchana binti katoka mwenyewe. Kaketi sakafuni karibu na cherehani, kachukua shati la sare, kaanza kuchomoa nyuzi. Nilikuwa na maswali arobaini. Nikayameza yote, yalinikwaruza koo. Nimeshona pindo mbili, ndipo akasema. Rafiki yake kipenzi kamgeuka, siri zake kazimwaga darasani, wote wakamcheka. Usingizi hauji. Anaogopa shule kufunguliwa. Kasema hakuniambia kwa sababu nikisikia jambo naanza kuhangaika na kufanya mambo.
Mambo gani? Sikumwelewa. Nilitaka kusimama nimkumbatie, kabati likanizuia. Nikamshika mkono tu, tukashona vifungo mpaka alasiri. Kala sahani nzima!

Ijumaa, 10 Julai
Kakubali kwenda. Kakaa na mshauri karibu saa nzima. Mimi nje, vigae vya ukutani nimevihesabu mara tatu, kila mara idadi mpya. Katoka macho mekundu, mabega yameshuka. Kasema mwenyewe atarudi wiki ijayo. Nilijifanya naangalia kiatu, machozi yasionekane.
Nesi kaniita pembeni. Kanisifu. Kasema niendelee hivyo hivyo, ila nisimbane.
Sasa hilo si angesema tangu Jumanne? Kubana nguo ndiyo kazi yangu! Nguo zote za mtoto huyu nimezibana mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikidhani namtengeneza. Tumefika tu, nimeshika mkasi. Gauni nne, sketi mbili, zote nimefumua viunoni. Kavaa sketi ya kwanza, kapiga hatua mbili, ikamshuka mpaka miguuni. Kaniangalia. Kaangalia mkasi. Kacheka mpaka kaketi chini, machozi yanamtoka.
Kacheka! Dawa imeingia. Bado mashati.