Imechacha kwa Makusudi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bia imechacha. Pipa zima. Nimeonja asubuhi kabla ya chai, jicho la kushoto likajifunga lenyewe na kukataa kufunguka mpaka nilipokunywa maji. Sababu naijua: mpira wa kupitishia bia. Nilipanga kuuosha mwezi wa kwanza, nikapanga tena mwezi wa pili. Mipango ilikuwa mizuri.

Mke wangu sijamwambia. Aliniruhusu kutengeneza bia ndani ya gereji yetu mpaka mwisho wa mwezi huu. Nisipopata mteja wa maana, gereji inakwenda kwa kaka yake, anayeuza magodoro. Na shemeji ameshaanza kuhamia. Leo nimekuta godoro moja limesimama ukutani ndani ya nailoni yake, kama mgeni anayejifanya amepita kusalimia tu. Nimelitoa nje. Jioni lilikuwa limerudi, limekuja na mwenzake.

Kesho naimwaga bia kimyakimya. Kisha nitatafakari.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nilikuwa namwaga ndoo ya kwanza mtaroni, akapita Bi Mapipa. Mama huyu alikuwa mwalimu wa kemia. Tangu astaafu anatengeneza bia mtaa wa pili, anailaza mwaka mzima kwenye mapipa ya mbao, na watu wenye ulimi wa kuonja wakiitaja hushusha sauti. Kwangu hajawahi kuingia. Leo alisimama, akainua pua, akauliza ni nini kinachonuka zizi.

Nikasema ni mbuzi wa jirani. Jirani hana mbuzi.

Akachota kwenye ndoo kwa kikombe changu, akaonja, akafumba macho. Yote mawili, na kwa hiari yake. Akaniuliza nimeifanyaje. Nikaifunika ndoo, naye akadhani ninalinda siri ya kazi.

Akanieleza kwamba ziko bia za mtindo wa Kibelgiji zinazoachwa zichache makusudi. Fundi huchanganya ya pipa kuukuu na ya pipa changa, anaonja, anaongeza, anaonja tena, mpaka zipatane. Za kwake zimezeeka vizuri ila zimepoa mno, hazina ukali. Yangu ukali inao. Peke yake, alisema, inaweza kubandua rangi ya mlango, lakini ikitiwa kidogo tu kwenye ya kwake itaiamsha. Anataka tushirikiane.

Hapo pa mlango sikupasikiliza sana.

Nimemwambia mke wangu kwamba kumbe kuchacha ni ufundi. Akasema akiutazama mfuko wangu, basi mimi ni fundi mkuu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bi Mapipa amekuja na bia yake na chupa tatu nene, zile za vizibo vya kufungwa kwa waya. Tumechanganya pamoja. Yaani yeye amechanganya, mimi nimeshika kitambaa. Chupa yenye uzi mweupe shingoni ni bia yake na tone la yangu. Uzi wa njano ni nusu kwa nusu. Uzi mwekundu karibu yote ni yangu, na hiyo, alisema, ni ya kulinganishia tu.

Jumamosi anakuja mwenye hoteli ile kubwa ya kona kuonja. Atakayoipenda itauzwa hotelini kwake mwaka mzima. Kuonja kutafanyika kwangu kwa sababu nyumbani kwa Bi Mapipa wanapaka rangi, na harufu ya rangi huharibu ulimi. Chupa amezilaza gerejini na kuniagiza nisiziguse.

Nikamuuliza lebo itaandikwaje. Akasema mwenye sehemu kubwa jina lake litatangulia, ni haki. Nikamuuliza kama mwenye hoteli akipenda ya uzi mwekundu, jina langu ndilo litakalokuwa juu. Akanitazama kwa muda, akasema ndiyo, akipenda hiyo.

Amenifundisha pia maneno ya kusifia bia za namna hii. Zizi ni sifa. Ngozi kuukuu ni sifa. Blanketi la farasi ni sifa kubwa. Nimeyakariri njiani kutoka dukani. Jioni nikamwambia mama mkwe, anayeishi nasi, kwamba mchuzi wake una harufu ya blanketi la farasi. Nimekula mkate mkavu.

Magodoro sasa ni matano.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimezunguka mtaa mzima kuitangaza chupa ya uzi mwekundu. Kinyozi ameahidi kuja kuitikia kwa kichwa. Fundi viatu ameahidi kusema “mmh” wakati mwafaka. Niliporudi mama mkwe alikuwa barazani akichambua mchele. Akasema bila kuinua uso kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba methali hiyo ilitungwa kabla ya matangazo. Akasema hapana, ilitungwa kwa ajili ya hayo matangazo.

Sumu imeniingia. Mchana nikaona ni wajibu wangu kama mshirika kuhakikisha. Nikaifungua ya uzi mwekundu, nikaonja kifuniko kimoja tu.

Macho yote mawili.

Sasa, mimi si mtu wa kukata tamaa. Bia ina kosa gani? Ni chachu. Kitu kichachu hutiwa nini? Hata mtoto wa shule anajua. Nimetia sukari vijiko vinne, na cha tano kwa ajili ya mwenye hoteli kwa sababu ni mtu mnene na huenda anapenda. Nimeonja tena. Tamu kama soda, na nyuma yake zizi kwa mbali. Nimeziba, nimekaza waya, nikaongeza waya wa pili wa kwangu ili Bi Mapipa asijue kizibo kimeguswa. Tena nimepata mahali pazuri pa kuificha mpaka Jumamosi: katikati ya magodoro ya shemeji. Pana giza, panatulia, na pana joto la kupendeza.

Kwa mara ya kwanza shemeji amekuwa na faida katika ukoo huu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku njema. Nimefagia gereji. Nimejaribu suti. Shemeji, asiyetaka kungoja mwisho wa mwezi, alipita kuuliza Jumatatu naanza kuhamisha vitu vyangu saa ngapi. Nikamwambia kwa upole kwamba Jumatatu nitakuwa nikipokea oda. Akacheka. Akabonyeza godoro moja kwa kiganja, akasema yanapendeza hapa, utadhani yalizaliwa hapa.

Nikapeleka mkono kati ya magodoro kuipapasa chupa. Ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Nadhani ni dalili ya afya.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nikiwa nimejifunga taulo.

Walifika wote. Mwenye hoteli alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Bi Mapipa alileta bilauri zake mwenyewe. Mke wangu alitandika kitambaa mezani. Mama mkwe hanywi pombe, lakini alivaa gauni lake la kutokea na kukaa mbele kabisa, maana hakutaka kusimuliwa. Shemeji aliegemea magodoro yake. Kinyozi hakuja. Fundi viatu alikuja ila akasema “mmh” kabla hata chupa hazijatolewa.

Bi Mapipa akafungua ya uzi mweupe. Mwenye hoteli akanusa, akanywa kidogo. Akanywa tena. Nikaona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyevua viatu baada ya safari. Akamaliza bilauri. Akasema hajawahi kuonja kitu kama hiki, kwanza kinakuuma, kisha kinakuomba msamaha. Ya uzi wa njano alionja mara moja, akasema inasisimua, akairudisha mezani na kuisogeza mbali kwa kidole.

Akageukia Bi Mapipa, akasema wasihangaike zaidi. Anachukua ya uzi mweupe, mwaka mzima. Mke wangu alinitazama. Sijaona jicho lile tangu siku za uchumba. Shemeji alijiondoa kwenye magodoro, akasimama wima.

Hapo ndipo mtu mwingine angekaa.

Nikasema bado moja. Bi Mapipa akasema haina haja, mgeni ameshachagua. Nikasema mgeni hawezi kuchagua wakati nyingine hajaionja. Mke wangu akanivuta shati. Nikamwambia mwenye hoteli kwamba hii ya mwisho ndiyo yenyewe, na kwamba harufu yake ni blanketi la farasi, tena farasi wa maana. Akasema basi, kwa heshima ya mwenyeji.

Nikazamisha mkono kwenye magodoro, nikaitoa chupa. Bi Mapipa alipoiona inatoka huko uso ukambadilika. Akasema taratibu, kwa sauti ya darasani, “Baba, iweke chini.” Nilikuwa nimeshafungua waya wangu. Waya wa Bi Mapipa ukajifungua wenyewe.

Kizibo kiligonga dari, kikarudi, kikampata fundi viatu begani, naye akasema “mmh”. Bia ikatoka kama bomba la mtaani lililopasuka. Niliielekeza kulia ili kumnusuru mwenye hoteli, ikampata mama mkwe. Niliielekeza kushoto ili kumnusuru mama mkwe, ikampata mwenye hoteli. Nikageuka nyuma. Nyuma kulikuwa na magodoro, na nailoni ya mengi tulikuwa tumeshaipasua kwa kuyatoa na kuyarudisha. Godoro hunywa kuliko binadamu.

Ilipokwisha ilibaki sauti ya matone. Bi Mapipa akapangusa miwani.

“Umetia nini?”

“Nimetia bidii, Mwalimu.”

“Bidii ya vijiko vingapi?”

Nikasema vitano. Akawaeleza wote, pale pale, kwamba bia hii ni hai. Ukiipa sukari inakula, ikila inatoa hewa, na ukiifungia kwenye joto hewa inatafuta pa kutokea. Alieleza vizuri sana. Fundi viatu aliuliza swali.

Mwenye hoteli alisimama, shati limemganda tumboni, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe alijilamba mdomo wa juu, akafikiri, akajilamba tena. Kisha akaenda kubadilisha nguo.

Mke wangu ananiita. Nimejifanya nimelala.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nyumba nzima inanuka zizi, na hakuna anayesema ni sifa.

Asubuhi mke wangu alikaa karibu nami kitandani. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema alichotaka jana ni kitu kimoja tu, niseme asante na nikae. Alikuwa ameshafurahi, akasema, furaha yenyewe ilikuwa imeshafika kooni. Nikamwambia nilitaka jina letu liwe juu. Akauliza juu ya nini. Nikasema juu ya lebo. Akasema yeye jina langu amelibeba miaka yote hii na hakuwahi kuuliza limeandikwa kwa herufi za ukubwa gani.

Nilikaa na maneno hayo hadi chai. Yaliniuma kweli.

Mchana tulianika magodoro juani, mimi na shemeji, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kisha akapita mama mmoja akauliza lile la mwisho linanukia nini, na shemeji, bila kupepesa, akasema ni dawa mpya ya kufukuza kunguni. Amelinunua. Nikamtazama kwa heshima ambayo sikuitegemea.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bi Mapipa amekuja. Nilimwona dirishani nikafikiria kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma.

Habari ni hizi. Alikwenda kwa mwenye hoteli na chupa nyingine ya mchanganyiko wa uzi mweupe. Mzee bado anautaka. Ametoa sharti moja: chupa yoyote ikifunguliwa, mimi niwe nje ya jengo. Bi Mapipa amekubali kwa niaba yangu. Na bado anaihitaji bia yangu, tone kwa kila chupa, kwa hiyo pipa langu halimwagwi.

Alinionyesha mchoro wa lebo. Jina lake liko juu, kubwa. Chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, imeandikwa “pamoja na jirani”. Nimeitazama sana. Herufi ndogo humlazimisha mtu asogeze uso. Nadhani watu wataisoma sehemu yangu kwa makini zaidi.

Mke wangu naye ametoa hukumu. Gereji inagawanywa katikati: pipa upande wa kushoto, magodoro kulia. Shemeji amechora mstari kwa chaki. Mstari umepinda kwangu kidogo, nami nimeuacha hivyo hivyo. Najisikia mtu mpya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Bi Mapipa alipita asubuhi akielekea sokoni. Alhamisi atakuja kuchota bia ya kwanza. Akanisimamisha mbele ya pipa kama mwanafunzi, shemeji akitazama kutoka upande wake wa chaki, akasema mpaka siku hiyo nisitie chochote. Akaanza kutaja mwenyewe, kidole kwa kidole, ili tusielewane vibaya: sukari, asali, juisi, soda. Nikavirudia vyote kwa sauti. Akaridhika, akaondoka.

Nilikuwa mtulivu mpaka saa sita. Nikaonja kidogo, kwa ajili ya usalama wa wateja. Jicho moja tu safari hii, maendeleo. Lakini kuna kitu kinapungua pale katikati, kama kiuno.

Nimeipitia orodha yake tena kichwani. Sukari, asali, juisi, soda. Tangawizi hakuitaja. Mwalimu mzima wa kemia, mwenye miwani, hawezi kuisahau tangawizi. Bila shaka ameniachia mimi, kama mshirika kwa mshirika, na aliona haya kusema mbele ya shemeji.

Nimeguswa sana na imani yake. Nimeshamenya bakuli zima.