Aziza Wanne na Kichwa Kimoja

Jumatatu, 9 Juni

Nimekuwa baba! Mtoto wa kike. Mzima! Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Uchungu ulimshika mke wangu Mounira alfajiri, pikipiki hakuna, wenye pikipiki wote wamekimbilia dhahabu Salamabila. Nikamgongea jirani, Aziza mkunga, ambaye sote tunamwita Mama Aziza. Alikuja mbio, kitenge kimefungwa nusu. Mtoto akatoka kimya. Kimya kabisa. Mama Aziza akampulizia mdomoni, akamsugua mgongo, akawa anamwita kama mtu aliyelala tu, mpaka akalia. Mimi nililia kwa sauti kubwa kuliko yeye. Nikaambiwa nitoke nje.

Mounira akasema hapo hapo kwamba mtoto ataitwa Aziza. Nikakubali. Leo ningekubali hata aitwe Sufuria.

Jumanne, 10 Juni

Pitchou, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, kaleta nanasi. Namshukuru. Kisha kaharibu kwa kuuliza jina. Nikasema Aziza. Akacheka! Eti mtaa mzima una akina Aziza, kila mtoto anayepokelewa na yule mama anapewa jina hilo, ukiita mmoja wanakuja kumi. Mwanawe yeye ni Nathanaël, lakini kaamua aandikwe Nhataniyel. Watu wanasimama barabarani kulisoma ukutani kwake. Na nani aliyelichora ukutani? Mimi! Kwa rangi yangu nzuri ya bluu!

Haivumiliki. Mimi ndiye mchora vibao wa Kasongo. Herufi ndizo zinazonilisha. Nimekaa nyuma ya nyumba na chaki mpaka mchana. Azyza. Haziza. Azziizah. Ukiita, yote ni Aziza, kwa hiyo ahadi ya Mounira haijavunjika. Nimeyapenda yote. Nimeshindwa kuchagua.

Jumatano, 11 Juni

Wazo limenijia nikila nanasi la Pitchou. Kwa nini nichague?

Kwetu, mtu akimpa mtoto jina lako, wewe ni somo wake. Siku ya saba unakuja na kitenge, kuku na sukari. Unakuja na wembe mpya, unamnyoa mtoto nywele zake za kwanza, na kuanzia hapo ni wako maisha. Baba wa mtoto anakuita mwanangu. Sasa Mama Aziza ataleta nini? Ana mikono yake tu, na hiyo keshaileta. Lakini Kasongo ina akina Aziza wengine! Aziza wa vitenge, pale sokoni. Aziza mwoka mikate. Na kule Kabambare kuna Hadja Aziza, ambaye mumewe ananunua dhahabu Salamabila. Kila mmoja apate herufi zake na kibao chake. Si uongo. Shukrani yangu ni kubwa mno, mtu mmoja hawezi kuibeba peke yake.

Nimempelekea Aziza wa vitenge kibao cha AZYZA akione. Akalia! "Kumbe kuko mutu mwenye ananifikiriaka!" Nami machozi yakanilenga. Kutenda wema kunapendeza sana.

Ijumaa, 13 Juni

Mwoka mikate kaipenda HAZIZA, kanipa mkate wa moto papo hapo. Hadja nimempigia simu. Anakuja, na mbuzi. Mbuzi! Nimewapanga mmoja asubuhi, mmoja adhuhuri, mmoja alasiri. Vibao nimevificha chini ya kitanda. Kila mgeni akija, nitatundika chake.

Mounira kauliza ninachora nini usiku na mchana. Nikasema shukrani. Akasema bila Mama Aziza leo tungekuwa tunatoka makaburini, na mkono wa mtu mwingine ukitangulia kugusa nywele zile, yeye na mtoto wanakwenda kwa mama yake kule Nyangwe, mimi nibaki na herufi zangu. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nimebaki nao mimi. Lakini mbuzi je?

Jumapili, 15 Juni

Balaa! Hadja kalala mjini ili asichelewe. Aziza wa vitenge kawahi kwa mapenzi. Mwoka mikate kafunga duka kabisa. Wamekutana mlangoni mwangu asubuhi, kila mtu na kuku wake, Hadja na mbuzi pia, kila mtu na wembe wake. Na ndani kichwa kimoja, kidogo kama chungwa, chenye nywele za kutafuta.

Nikasema karibu, mwanangu. Wakaitika wote watatu.

Mwoka mikate alipoinama kumfukuza kuku chini ya kitanda, akatoka na vibao. Nikaeleza kwamba hayo ni majina matatu tofauti, watazame vizuri herufi. Hadja akaitazama ile Z ya pili ya AZZIIZAH. "Djamali, mama yangu aliniitaka Aziza. Hii mingine umetoa wapi?" Basi nikapendekeza wagawane kichwa: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja ubavuni. Nilidhani ni haki.

Hapo nikamwona Mounira anafunga nguo za mtoto ndani ya kitenge. Polepole. Nilimwona mtoto wangu anaondoka, na mbuzi amebaki. Sikumtaka tena yule mbuzi.

Mama Aziza akaingia. Alikuwa anatoka kumzalisha mtu mwingine, macho mekundu, mikono mitupu. Hata wembe hakuwa nao. Hakuuliza nani ni somo. "Mutoto iko ananyonya?" Basi.

Aziza wa vitenge ndiye aliyesimama kwanza, akampisha kwenye kiti. Watoto wake wote walipokelewa na mikono ile. Mwoka mikate naye vilevile. Hadja hakumjua, ni mtu wa Kabambare, akauliza. Mounira akamsimulia ile alfajiri yote, ule ukimya, ule mgongo uliosuguliwa. Hadja akafungua wembe wake mpya, akauweka mkononi mwa Mama Aziza. Mama Aziza akamnyoa mtoto taratibu, na mtoto hakuamka. Mounira akafungua ule mzigo. Nikalia tena, na safari hii hakuna aliyenitoa nje. Ee Mungu, asante.

Kisha Hadja akasema wembe wa somo haurudi nyumbani bila kazi. Wakageuka wote kunitazama.

Wanawake wanne, nyembe tatu za kupokezana. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wawili mbavuni. Kila mmoja alipata upande wake, kama nilivyopendekeza.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo wa kiangazi unapita kichwani vizuri. Nashukuru. Vitenge wameviacha, sukari wameiacha, mbuzi tumemla pamoja na majirani wote. Wale watatu wamesema ni mashangazi. Pitchou kacheka mpaka spana ikamdondoka mguuni, kisha akaniletea kofia yake. Nashukuru hata hilo, hasa spana. Mama Aziza namwita mwanangu, naye ananituma maji kisimani, nami nakwenda. Mounira anacheka kila nikivua kofia. Mtoto analala, analia, ananyonya. Analia! Sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Nimechora mlangoni: AZIZA. Herufi za kawaida. Ile A ya mwisho niliiongezea kijimkia tu. Mounira kaniamuru nikifute. Nimekifuta.

Habari njema nyingine: dada yake Mounira, kule Kabambare, yuko karibu kujifungua. Akiwa wa kiume ataitwa Iliasi. Jina zuri, lakini la kawaida mno. Nimeulizia. Kabambare kuna Iliasi mwenye malori, kuna Iliasi mwenye duka kubwa, na kuna Iliasi wa ng'ombe. Ng'ombe! Ilyassi. Eliyazi. Hiliasih. Safari hii kila mmoja atakuja siku yake. Na hata wakikutana, nyembe siziogopi. Watanyoa nini?